Kifurushi cha mapishi cha kuletewa nyumbani: kabla ya kuuliza bei, uliza kinaondoa kazi gani

Saa kumi na moja jioni, ukiwa bado ofisini Posta, Dar es Salaam, tangazo linakukuta kwenye simu: boksi la pilau la watu wanne, vitunguu vimeshakatwa, nyama imeshaoshwa, viungo vimepimwa, wewe ni kuwasha jiko tu. Chini yake kuna bei, na chini ya bei kuna namba ya kulipia. Mbele yako kuna foleni ya Barabara ya Morogoro, na kichwani una swali la kila siku: leo tunakula nini?

Wenzangu kazini wamekuwa wakiniuliza kama vifurushi hivi vina thamani ya hela yake. Nilianza kwa kujibu kwa hisia, baadaye nikaamua kupiga hesabu. Kwa chakula chetu cha kawaida cha jioni, kwa nyumba nyingi za Dar, havilipi. Ubahili hauhusiki hapa. Kazi kubwa ambayo kifurushi kinauza, mji huu umekuwa ukiiuza kwa miaka mingi gengeni, kwa bei ndogo zaidi. Ila kuna siku, na kuna watu, ambao kwao hela hiyo ni halali kabisa, na hao nao nitawafikia.

Wazo lenyewe lilianzia mbali. Mwaka 2007 huko Sweden ilianzishwa huduma iliyoitwa Middagsfrid, jina lenye maana ya utulivu wa wakati wa mlo wa jioni. Mwaka 2011 ikaja HelloFresh mjini Berlin, na mwaka 2012 Blue Apron ikaanza New York. Utaratibu ni ule ule kote: unachagua milo ya wiki, boksi linakuja na barafu ndani, kila kiungo kimepimwa kwa idadi ya watu wako, na juu yake kuna kadi yenye maelekezo ya kupika hatua kwa hatua. Kwa Marekani bei ya kawaida ni kama dola 9 hadi 12 kwa sahani ya mtu mmoja, na usafirishaji unalipiwa pembeni.

Ili kuelewa kwa nini lilishika huko, angalia familia ya kitongoji cha Marekani inavyonunua chakula. Duka liko mbali, wanakwenda kwa gari, mara nyingi mara moja kwa wiki. Ukitaka majani machache ya kotimiri, unauziwa kicha kizima. Ukitaka kijiko kimoja cha sosi ya samaki, unauziwa chupa. Kicha kinanyauka ndani ya friji, chupa inakaa mwaka. Kifurushi kinakuletea kile kijiko kimoja, kwenye kipakiti chake, na hakuna kinachobaki.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilipima jambo hili mwaka 2019. Walichukua milo mitano, wakalinganisha ya boksi na ile ile iliyonunuliwa dukani, kuanzia shambani hadi jalalani. Pamoja na makaratasi na barafu zote zile, mlo wa boksi ulitoa kwa wastani kilo 6.1 za gesi zinazopasha dunia joto, na wa dukani kilo 8.1. Sababu kubwa zilikuwa mbili: chakula kilichotupwa kilikuwa kidogo, na lori moja linalozungukia nyumba nyingi linachafua hewa kidogo kuliko kila familia kutoa gari lake kwenda dukani.

Sasa ichukue hesabu hiyo uilete Tabata. Nani anatoa gari kwenda kununua nyanya?

Genge ninalonunua mimi liko hatua kama sitini kutoka getini kwetu. Ni meza ya mbao, turubai juu, taa ya sola, na pembeni mashine ya kukunia nazi. Mama wa genge hakuulizi unataka kilo ngapi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo unapika nini?"

"Mchicha wa nazi."

"Mko wangapi?"

Ukisema watano, mkono wake unakwenda wenyewe. Mafungu matatu ya mchicha, nyanya tatu, kitunguu kimoja kikubwa, karoti, nazi moja. Nazi anaigonga kwa mgongo wa panga, maji yake anamkingia mtoto yeyote aliye karibu, kisha anaiwasha mashine na nazi iliyokunwa inamwagika kwenye sinia kama unga. Mchicha anaukatakata mkononi huku anaongea na mteja mwingine, mwembamba kiasi kwamba sijawahi kuufikia hata nikijitahidi. Kisamvu anauza kimeshatwangwa. Vitunguu swaumu vimeshamenywa. Iliki, mdalasini, bizari, vyote vipo kwenye vipakiti vya shilingi mia. Mafuta ya kula yanapimwa kwa kikombe.

Hicho nacho ni kifurushi cha mapishi. Kimepimwa kwa idadi ya watu, kimeandaliwa nusu, hakibakishi kitu, na huhitaji friji kukitunza kwa sababu unakipika saa hiyo hiyo. Faida ambazo huko Berlin na New York zilihitaji ghala la baridi na mamilioni ya dola, hapa zinatolewa na mwanamke mmoja na kisu chake. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu anayelinganisha bei anapaswa kuliweka mezani, na ndilo linalosahaulika kuliko yote, kwa sababu tumezoea kuliona genge kama mahali pa kununua mboga tu. Kumbe tunanunua na utumishi, na hatuulipii inavyostahili.

Genge lina gharama yake, sikatai. Kununua kidogokidogo ni ghali. Ukijumlisha mafuta ya kupima mpaka yafike lita, umelipa zaidi ya mwenye dumu. Nyanya za mafungu zikijumlishwa zinapita bei ya sado la Ilala au Mabibo. Asiye na akiba ndiye anayelipa zaidi kwa kila gramu, na hilo linauma. Lakini hata kwa bei hiyo ya fungu, tuone kifurushi kinasimama wapi.

Mwezi uliopita niliagiza kimoja, kwa huduma mojawapo ya hapa mjini. Kuku wa kupaka na wali wa nazi, watu wanne. Boksi shilingi 34,000, usafiri 4,000, jumla 38,000. Siku ya pili yake nikaenda gengeni, buchani na kwa muuza mchele, nikapanga chakula kile kile kwa bei za siku hiyo mtaani kwetu. Kuku wa kisasa mzima 9,000. Nazi mbili za mchuzi na moja ya wali, kila moja 1,500 pamoja na kukuniwa, ikawa 4,500. Mchele robo tatu kilo, 2,400. Tangawizi na vitunguu swaumu 500, ndimu 300, manjano 200, pilipili 100. Jumla 17,000. Mtaani kwako bei zitatofautiana, ila tofauti ya 21,000 haiwezi kufutwa na bei ya ndimu.

Kwa hiyo 21,000 ilininunulia nini? Kuku alikuja amekatwa vipande vinane, amelazwa kwenye ndimu na tangawizi tangu mchana. Tui lilikuwa limeshakamuliwa na kuchujwa, zito kwenye mfuko wake na jepesi kwenye wake. Kadi ya maelekezo ilikuwa imeandikwa vizuri, na mdogo wangu wa kidato cha pili aliifuata bila kuniuliza. Niliangalia saa siku zote mbili: kwa boksi, kutoka kufungua mpaka kupakua, dakika 40, ukiondoa hitilafu moja nitakayoieleza mbele. Kwa kununua mwenyewe, pamoja na kutembea, kukata, kukamua na kuchuja, saa moja na dakika 45. Nimenunua saa moja na kidogo kwa 21,000.

Hapo kuna hesabu ambayo kila mtu anaweza kujifanyia. Chukua mshahara wako wa mwezi, ugawe kwa saa unazofanya kazi. Mwenye 800,000 anayefanya kazi siku 22, saa nane kwa siku, ana saa 176, kwa hiyo saa yake moja ni kama 4,500. Anayenunua saa moja ya jikoni kwa 21,000 anailipia zaidi ya mara nne ya vile yeye analipwa. Ili saa hizo mbili zilingane, mshahara unatakiwa uwe kama milioni 3.7.

Lakini naomba tusiishie hapo, maana hesabu hii ina kasoro, na kasoro yake inawaumiza wanawake. Katika nyumba nyingi kazi ya kumenya, kuchambua na kukata inahesabiwa sifuri, kwa sababu anaifanya mama, au binti aliyerudi shule, au dada wa kazi ambaye mshahara wake ni mdogo mno. Baba akiiona 38,000 anashtuka, na hajawahi kushtushwa na ile saa moja na dakika 45, kwa vile haijawahi kutoka mfukoni mwake. Tena saa hazifanani. Saa ya Jumamosi asubuhi, redio ikiimba na watoto wakisaidia kumenya viazi, mimi siiuzi. Saa ya Jumanne usiku, baada ya kusimama ndani ya mwendokasi kutoka Kivukoni mpaka Kimara, ina uzito mwingine, na sitamlaumu anayeilipia.

Mwanamke anayerudi hivyo akifika saa mbili usiku, anakuta genge limebakiza mchicha ulionyauka na nyanya za kubonyea. Utumishi wa genge una saa zake. Huo ndio mwanya ambao vifurushi vinaingilia.

Kwa nini basi bei isishuke, kama uhitaji upo? Ukiangalia kinachotengeneza ile 38,000, chakula chenyewe ni chini ya nusu. Kuna mtu aliyelipwa kukata na kukamua. Kuna vifungashio, na kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kifungashio kizuri ni gharama ya kweli. Kuna barafu na freza, na freza inakula umeme wa LUKU usiku kucha. Kuna tangazo lililokufikia. Halafu kuna bodaboda, ambaye anatoka Mikocheni na mzigo wa mtu mmoja kwenda Segerea. Nyumba zetu zilipewa namba kwenye operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, lakini dereva bado anapiga simu mara tatu: uko karibu na nini, na msikiti au na baa? Kila simu ni dakika, na dakika zake zimo kwenye bei.

Wenzetu wenye wateja wengi nao hesabu iliwashinda. Blue Apron iliingia soko la hisa mwezi Juni 2017, hisa moja dola 10, kampuni nzima ikithaminiwa kama dola bilioni 1.9. Mwaka 2023 ikauzwa kwa dola milioni 103. Walikuwa wanatumia fedha nyingi kuvuta mteja kwa ofa ya boksi la kwanza, mteja anakula, ofa inaisha, anaondoka. Ukiona boksi la kwanza la hapa Dar linauzwa nusu bei, usilipigie hesabu hilo. Piga hesabu ya boksi la nne.

Kuna jambo moja ambalo sisi tumepona. Huko, huduma nyingi zinakata fedha kwenye kadi kila wiki mpaka utakapokumbuka kusitisha. Hapa wengi wanalipa kwa simu, oda moja moja, na hela haitoki mpaka uweke namba ya siri. Mteja amelindwa. Muuzaji, kwa upande wake, hajui wiki ijayo atakata kuku wangapi, na wasiwasi huo ameuweka kwenye bei.

Sasa nije kwa wanaofaidika kweli.

Wa kwanza ni anayetaka kupika kitu ambacho genge halikijui. Dada yangu alitaka kumpikia mumewe tambi za mchele za Kithai siku ya kuzaliwa kwake. Kwenye supamaketi, chupa ya sosi ya samaki, chupa ya mafuta ya ufuta, pakiti ya tambi na unga wa ukwaju vilimpeleka karibu 60,000 kabla hajagusa kamba wa kuweka humo, na kila chupa angeitumia vijiko viwili. Boksi la chakula hicho hicho lilikuwa 45,000. Hapa Dar imegeuka Marekani, kitu kinauzwa kwa chupa nzima, na kifurushi kinashinda kwa sababu ile ile kinayoshinda kule.

Wa pili ni mwenye muda usiosogea. Ramadhani ndiyo mfano wangu. Jua Dar linazama saa kumi na mbili na kitu, na adhana haimsubiri aliyekwama Ubungo. Mihogo iliyomenywa na kukatwa, magimbi yaliyomenywa bila kukuachia mikono inayowasha, tui tayari, maharage yaliyochemshwa: kwa mwezi ule mmoja, mfanyakazi anayelipia hivyo hafanyi anasa. Mama aliyejifungua majuzi, au anayemuuguza mtu Muhimbili na nyumbani kuna watoto, namweka kundi hili hili.

Wa tatu ni mtoto aliye mbali na wazazi. Kumtumia mama hela ni rahisi, lakini mama wa miaka sabini na mbili atanunua dagaa na kuiweka hela nyingine akiba. Boksi la samaki na mboga likifika mlangoni atapika, kwa kuwa halirudi.

Anayeishi peke yake kwenye chumba Sinza au Mwenge simshauri. Yeye mshindani wa boksi lake ni mama lishe, siyo genge, na sahani ya wali maharage ya mama lishe inakuja imeshapikwa. Boksi la mtu mmoja kwa kawaida ndilo ghali kuliko yote, kwa sababu bodaboda analipwa vile vile awe amebeba sahani moja au sita.

Mimi mwenyewe, baada ya hesabu zote, nimeacha boksi na kuanza kununua vipande vya kazi. Namaanisha kuchagua ile kazi moja inayonichosha na kuilipia hiyo tu. Maharage yaliyochemshwa ndiyo mfano bora. Ukichemsha nusu kilo nyumbani unamaliza saa mbili za gesi au mkaa kwa chungu kimoja. Mama anayechemsha kilo ishirini kwenye sufuria moja anatumia moto mdogo zaidi kwa kila sahani, kwa hiyo anaweza kukuuzia akapata faida na wewe ukaokoa. Hapo mnaokoa wote wawili, jambo ambalo kwa boksi zima ni nadra. Kisamvu kilichotwangwa ni vile vile. Kuku aliyekatwa buchani hana nyongeza ya maana, ni kumwomba tu. Lakini vitunguu vilivyokatwa kwenye kopo sinunui. Kitunguu ni dakika mbili, na kikishakatwa kinaanza kupoteza harufu yake.

Ukiagiza chochote chenye nyama, samaki au tui, kuna jambo la afya ambalo bei nzuri hailiondoi. Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri chakula kinachoharibika haraka kisikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na joto la hewa likipita nyuzi 32 iwe saa moja. Dar ya Januari na Februari inafika huko, achilia mbali ndani ya boksi la pikipiki lililoanikwa juani. Boksi likifika, kabla hujamwacha dereva aondoke, gusa kuku. Awe baridi, siyo vuguvugu. Boksi langu lile lilichelewa saa moja na nusu, kuku alikuwa bado na barafu, lakini mfuko wa tui zito ulikuwa umevimba na ulipofunguliwa ulitoa harufu ya uchachu. Nililimwaga. Muuzaji alinirudishia 3,000 kwa simu, kwa adabu, na samahani yake nikaipokea. Usiku ule saa mbili na nusu nilivaa ndala nikaenda kugonga kwa mama wa genge, aliyekuwa ameshafunga. Alifungua turubai, akawasha mashine kwa ajili ya nazi moja.

Ndipo nilipomwomba namba yake. Sasa hivi utaratibu wetu ni huu: saa nne asubuhi namwandikia, leo tuko wanne, mchuzi wa samaki na mboga ya majani. Anatenga vyangu kabla wateja wa jioni hawajachagua, anakata, anafunga kwenye mfuko wangu wa kitenge nilioacha kwake. Nazi haikuni mpaka nishuke kituoni nimpigie, ili isikae. Namlipa bei ya genge na juu yake 1,000 ya usumbufu, ambayo mwanzoni aliikataa na mimi nikasisitiza.

Jana niliandika: "Leo watano, kisamvu." Jibu lilirudi baada ya dakika kumi: "Kisamvu leo kimekuja kigumu, hakitakufaa. Matembele mazuri sana, nikuwekee?"